Vichupa viwili kwenye friji moja: namna ya kuijua insulini yako

Nyumbani kwangu Uyole, hapa Mbeya, friji ni moja, wagonjwa wa sukari ni wawili. Mama yangu, ambaye hapa nitamwita Bibi kama watoto wanavyomwita, alihamia kwangu kutoka Tukuyu baada ya vidonge kushindwa na kuanzishiwa sindano. Mwanangu wa pili aligundulika na kisukari cha aina ya kwanza akiwa na miaka 9, sasa ana 16. Mimi mwenyewe nauza viazi. Sikusomea udaktari, na dozi zote nitakazozitaja humu ni za watu wa nyumba hii, usizichukue. Chukua kile nilichokijua kwa kuchelewa: insulini si dawa moja. Ukifika duka la dawa ukasema "nipe insulini", ni sawa na kuingia soko la Mwanjelwa ukasema "nipe chakula".

Nilijifunza hivi.

Ilikuwa jioni ya mwezi wa sita, umeme umekatika, lori la viazi linanisubiri njia panda. Bibi huchoma yuniti 20 za insulini ya mchanganyiko kila jioni. Nikafungua friji kwa tochi ya simu, nikachukua kichupa, nikavuta 20, nikamchoma, nikatoka. Niliona dawa ni angavu, lakini nikajiambia ni ukungu umetuama chini, maana dawa ya Bibi ikikaa muda bila kuguswa huwa inajitenga, maji juu, unga mweupe chini. Kama ningeiviringisha mkononi hata mara tatu ningejua. Sikuiviringisha. Kilikuwa kichupa cha mtoto.

Saa tatu usiku binti yangu akapiga simu. Bibi ametota jasho, na baridi ya Uyole ya mwezi wa sita mnaijua, anatetemeka, anaongea Kinyakyusa na dada yake aliyezikwa miaka mingi. Mashine ya kupimia sukari imesoma 2.6, yaani imeshuka mno. Nikamwambia asinisubiri: vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji nusu kikombe, anywe akiwa amekaa, kisha apime tena baada ya dakika 15. Nilipofika na bajaji ilikuwa 3.4. Tukampa tena kiasi kilekile. Ikafika 4.7, akala ugali na maziwa. Nesi wa kliniki nilipompigia hakunigombeza, alisema tu, "Usilale. Hiyo uliyompa inaweza kufanya kazi hadi masaa 8. Pima kila saa mpaka saa nane na nusu usiku ipite. Akishindwa kumeza au asipoamka, usimtie chochote mdomoni, mlete hospitali." Saa sita ilishuka tena, 3.8. Sukari tena. Kulipokucha Bibi aliomba chai, akasema "ndaga", yaani asante, kana kwamba mimi ndiye niliyemwokoa.

Hesabu ya kosa lenyewe ni hii. Kwenye yuniti 20 za mchanganyiko wa Bibi, yuniti 6 tu ndizo za kasi, 14 zilizobaki ni za polepole, zinatembea usiku kucha. Mimi nilimpa 20 zote za kasi. Namba kwenye bomba la sindano ilikuwa sahihi kabisa.

Magunzi na gogo

Bibi aliishia darasa la pili. Lakini kesho yake kliniki, nesi alipomweleza kwamba insulini zinatofautiana kwa muda wa kuanza, muda wa kupamba moto na muda wa kuisha, aliuliza swali moja tu: "Kwa hiyo kuna ya magunzi na ya gogo?" Tangu siku hiyo ndiyo lugha ya nyumba yetu. Magunzi ya mahindi ukiyatia jikoni yanashika papo hapo, yanawaka kweli, kisha yanakwisha. Gogo linachelewa kushika, likishika linakupeleka mbali. Na chakula ndiyo sufuria. Moto ukipamba wakati jikoni hakuna sufuria, hapo ndipo sukari inaposhuka mtu akaanguka.

Ya magunzi ni insulini ya muda mfupi. Vichupa vinavyoonekana sana huku vimeandikwa Actrapid au Humulin R. Ni angavu kama maji. Inaanza kazi baada ya kama dakika 30, inapamba kati ya masaa 2 na 4, inaisha kati ya masaa 6 na 8. Ndiyo maana unaambiwa uchome nusu saa kabla ya kula. Ukichoma ukiwa umeshakula, chakula kinakimbia mbele na dawa inakifuata nyuma.

Ipo ya kasi zaidi ya hiyo, kama majani makavu. NovoRapid na Humalog ndiyo majina yake maarufu. Inashika ndani ya dakika 10 hadi 15, inapamba kwenye saa la kwanza au la pili, na kwa masaa 3 hadi 5 imekwisha. Hii unachoma sahani ikiwa mbele yako. Nayo ni angavu.

Ya gogo ni Insulatard, au Humulin N. Kliniki wataiita NPH. Hii ina ukungu, kama maji yaliyotiwa maziwa kidogo. Inaanza baada ya saa moja hadi mbili, inapamba kati ya masaa 4 na 10, na inaweza kufika masaa 12 hadi 18. H ya mwisho ni Hagedorn, Mdenmaki ambaye pamoja na wenzake walitafuta namna ya kuichelewesha insulini, wakaifungamanisha na protini iliyotoka kwa samaki. P ndiyo hiyo protini, protamini. Huo ukungu unaouona ndio breki yenyewe. Nilipomsimulia Bibi akasema basi watu wa Kyela, walao samaki wa ziwani, wangeshapona zamani.

Halafu kuna ya mchanganyiko, anayochoma yeye: asilimia 30 magunzi, asilimia 70 gogo, imeshachanganywa kiwandani. Hapa majina yanachanganya watu. Kampuni moja inaandika Mixtard 30, nyingine inaandika Humulin 70/30, mtu anadhani ni dawa mbili tofauti kwa sababu namba hazifanani. Uwiano ni uleule. Kwa kuwa ndani yake kuna magunzi, nayo inataka nusu saa kabla ya chakula, mara nyingi asubuhi na jioni. Na kwa kuwa ndani yake kuna gogo, ni ya ukungu, lazima uiviringishe.

Ya mwisho nilikutana nayo Krismasi, kaka yangu alipokuja kutoka Dar. Yeye ana bima nzuri, anatumia Lantus, kwa kalamu, yaani sindano yenye umbo la kalamu. Bibi aliita hii gogo lililofukiwa majivuni: linatoa joto lilelile usiku na mchana, halipambi. Anachoma mara moja kwa siku, saa ileile, ale asile, nayo inakaa kama masaa 24. Lakini itazame: ni angavu! Nilikuwa nimekariri kwamba angavu maana yake ni haraka. Si hivyo. Ukungu unakuambia kuna breki ya protamini ndani, uangavu peke yake haukuambii kitu. Lantus inacheleweshwa kwa uchachu wake. Iko kama asidi kidogo kwenye kalamu, ikiingia chini ya ngozi inaganda vipande vidogo sana, vinayeyuka taratibu. Kwa hiyo haichanganywi na nyingine yoyote ndani ya bomba moja.

Jirani yangu wa Kiislamu aliwahi kuniuliza kwa sauti ya chini kama dawa hii inatoka kwa nguruwe. Zamani ndiyo, ilitoka kwenye kongosho za nguruwe na ng'ombe, tangu watafiti akina Banting na Best walipoipata kule Toronto, Kanada, mwaka 1921. Hizi tulizozitaja zinatengenezwa na hamira au bakteria waliofundishwa kutoa insulini kama ya binadamu. Ya kwanza ya namna hiyo iliruhusiwa mwaka 1982. Jirani aliondoka amenyooka mgongo.

Kuchanganya mwenyewe

Mwanangu asubuhi huchoma mbili kwa bomba moja: 6 za angavu na 12 za ukungu. Hapa utaratibu ni mmoja na haubadiliki. Anaviringisha kichupa cha ukungu kati ya viganja mara 10 hadi 20, hakitikisi, maana mapovu yanadanganya kipimo. Anaingiza hewa ya 12 kwenye kichupa cha ukungu, anatoa sindano bila kuvuta kitu. Anaingiza hewa ya 6 kwenye cha angavu, anakigeuza kichwa chini, anavuta 6. Kisha anarudi kwenye cha ukungu na kuvuta mpaka jumla isome 18. Angavu kwanza, ukungu baadaye. Ukianza na ukungu, tone lake litaingia kwenye kichupa cha angavu na ile breki ya samaki itaharibu magunzi yako yote, taratibu, siku hadi siku, bila wewe kuona. Akipitiliza ikasoma 20, haisukumi kurudi. Anamwaga, anaanza upya. Mara ya kwanza kumwaga aliniangalia kwa woga kwa sababu anajua bei. Nikamwambia mwaga.

Sisi wa viazi tunajua lumbesa, lile gunia linaloshonewa kofia juu mpaka linakuwa na mzigo wa gunia moja na nusu. Kwenye bomba la insulini hakuna lumbesa. Bomba la yuniti 100 mara nyingi mstari mmoja mdogo ni yuniti 2, lile la yuniti 50 mstari mmoja ni yuniti 1. Ukihama kutoka bomba moja kwenda jingine huku macho yamezoea kuhesabu mistari, umeshazidisha au umeshapunguza nusu. Soma namba, usihesabu mistari. Na usitumie bomba la kawaida la dawa nyingine, lile la mililita. Mililita moja ya insulini hizi ina yuniti 100, kosa dogo la jicho ni kosa kubwa la dozi.

Mahali pa kuchoma: tumboni inaingia haraka zaidi, vidole viwili mbali na kitovu, pajani inakwenda polepole. Hamahama ndani ya eneo lilelile. Bibi alikuwa amepapenda mahali pamoja kwa sababu hapaumi tena, pakaota nundu laini. Hapaumi kweli, lakini na dawa haiingii vizuri. Tulipohama, sukari yake ilianza kushuka kwa dozi ileile, ikabidi kliniki waipunguze.

Sufuria ikichelewa

Msibani ndiko nilikoona hatari zaidi kuliko popote. Tukuyu unafika saa tatu asubuhi, unaambiwa chakula kinakaribia, kinakuja saa tisa. Mtu wa magunzi au mchanganyiko aliyechoma kwa kusikia "kinakaribia" atalala chini kabla ya ndizi kuiva. Kwetu sheria ni kwamba Bibi hachomi mpaka mmoja wetu ameingia jikoni na kuona kwa macho yake kinapakuliwa. Ile nusu saa ya kusubiri inapatikana kwenye foleni ya kunawa. Na kwenye mkoba wake kuna sukari iliyofungwa kwenye karatasi, vijiko vitatu kamili, haiazimwi kwa chai ya mtu.

Shambani ni vivyo hivyo. Mwanangu akija likizo kuchimba viazi, jembe lenyewe linashusha sukari, na akichomea pajani halafu akachimba, mguu unaofanya kazi unaivuta dawa haraka kuliko kawaida. Siku hizo anachomea tumboni, anapima saa nne asubuhi, anakula kiazi cha kuchemsha katikati ya kazi. Shemeji yangu wa Mafinga naye alikuwa na swali lake la ulanzi, ile pombe ya mianzi. Ulanzi mtamu una sukari, utapandisha. Uliochacha una pombe, na pombe inalizuia ini kutoa akiba yake ya sukari, kwa hiyo usiku, gogo linapowaka, hakuna wa kukuokoa. Aliyachukia majibu yote mawili.

Mgonjwa wa aina ya kwanza akiumwa na asile, haimaanishi asichome kabisa. Hili niliandike kwa herufi nzito: usiache insulini ya gogo kwa sababu tu mgonjwa hajala. Mwili wa mwanangu hautengenezi insulini, na ukikosa kabisa unaanza kuunguza mafuta na damu inageuka asidi. Punguza au badilisha kwa maelekezo ya kliniki, pima mara nyingi zaidi. Akitapika, akihema kwa kina na pumzi ikanuka kama matunda yaliyoiva sana, hiyo ni hospitali usiku huohuo.

Baridi yetu na joto la wenzetu

Watu wa mabondeni wanahangaika na joto, sisi tunajidanganya kwamba baridi inatulinda. Kichupa ambacho hakijafunguliwa kinakaa nyuzi 2 hadi 8, kikishuka chini hapo kikaganda, kimekufa. Hata kikiyeyuka na kuonekana kizima, tupa. Mimi niliua kimoja kwa kukiegemeza kwenye ukuta wa nyuma wa friji, karibu na barafu. Kwa hiyo ni mlangoni au rafu ya katikati, kamwe si kwenye friza. Wenzetu wa Isyonje na huko juu Kitulo, ambako mwezi wa saba sakitu inaunguza majani ya viazi, wasikiache dirishani usiku.

Kilichofunguliwa hakihitaji friji hapa Mbeya, kinavumilia hali ya chumba isiyozidi nyuzi 30, mbali na jua na jiko. Tena kikiwa cha uvuguvugu hakiumi kama kilichotoka kwenye baridi. Kliniki walitupa kanuni ya siku 28 tangu kufunguliwa. Karatasi ya ndani ya boksi inaweza kuruhusu zaidi kwa baadhi ya aina, isome. Kichupa cha mililita 10 ni yuniti 1000. Bibi anamaliza 50 kwa siku, kwa hiyo chake kinaisha siku ya 20. Mtoto anatumia 14 za angavu kwa siku: siku ya 28 amemaliza 392, na zaidi ya 600 zinatupwa. Inauma. Kama dozi yako ni ndogo, ulizia katriji, vile vichupa vidogo vya kupachika kwenye kalamu, za mililita 3 zenye yuniti 300, pengine zitakufaa, ukiwa na kalamu yake.

Tukishuka Kyela kwa shangazi, dawa inasafiri kwenye mkoba wa miguuni, haiwekwi juu ya dashibodi ya gari wala kwenye buti. Kule tunaiweka ndani ya mfuko usiopitisha maji, kisha ndani ya chungu kilichozungushiwa kitambaa kibichi, kivulini. Ya angavu ikipata ukungu, au ya ukungu ikifanya mabonge au kushika kwenye kioo kama ukoga, haitumiki tena.

Unaposimama dukani

Usiende na jina la ugonjwa. Nenda na kichupa kitupu au picha yake kwenye simu, na useme vitu vitatu: jina, kama ni angavu au ya ukungu, na nguvu yake, yuniti 100 kwa mililita. Rangi ya boksi usiiamini, kampuni zinatofautiana. Duka moja, silitaji, liliwahi kunipa ya muda mfupi badala ya mchanganyiko, muuzaji akisema "zote ni insulini mama, mpe tu". Nikamwomba aisome kwa sauti. Aliposoma akanyamaza, akarudisha kabatini. Ikiwa aina yako imekosekana kweli, piga simu kliniki kabla ya kununua nyingine. Kuna njia ya kuhama kutoka aina moja kwenda nyingine, lakini dozi inapangwa upya na wao.

Kwenye friji yetu sasa kila mtu ana kopo lake. La Bibi ni kopo la Blue Band, la mtoto ni la plastiki lenye mfuniko wa bluu. Vichupa vimevishwa rababendi: angavu ya mtoto moja, ukungu wa mtoto mbili, mchanganyiko wa Bibi tatu. Wazo hilo lilikuwa la Bibi mwenyewe, macho yake yana mtoto wa jicho. Umeme ukikatika haombi tochi. Anaingiza mkono, anahesabu kwa kidole gumba, moja, mbili, tatu, anakiviringisha kichupa mpaka achoke, kisha ananiita nije nisome namba kwenye bomba.